Mashoto na gitaa la kwanza: njia nne zikiwekwa sambamba

Nilipopewa gitaa mara ya kwanza nililipakata kama mwili ulivyonituma: shingo ikaelekea kulia, mkono wa kushoto ukatua juu ya tundu la sauti. Mwalimu hakusema neno. Alilichukua, akaligeuza, akanirudishia. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba kitendo kile cha sekunde mbili kilikuwa uamuzi mkubwa, na kwamba mwenye mikono ndiye aliyestahili kuulizwa.

Karibu mtu mmoja kati ya kumi ni mashoto. Kila mmoja wao akitaka kujifunza ala ya nyuzi hukutana na swali hili siku ya kwanza, hata kabla hajajua uzi unakazwa wapi. Majibu anayopewa hupingana. Huyu atamwambia azoee tu, kwani mikono yote inaanza bila kujua kitu. Yule atamwambia asijilazimishe, atafute gitaa lake. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana watu hukwama.

Hapa nalinganisha njia nne, nikitumia gitaa kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi. Ya kwanza ni kupiga kulia, yaani kuchukua gitaa la kawaida na kulipiga kama wapigavyo wengi, mkono wa kulia ukicharaza nyuzi na wa kushoto ukizibana shingoni. Ya pili ni gitaa lililoundwa kwa ajili ya mashoto. Ya tatu ni kuligeuza gitaa la kawaida na kuzipanga nyuzi upya. Ya nne ni kulipindua na kuziacha nyuzi zilivyo. Fidla, udi na ala nyingine nitazigusa baadaye, maana huko baadhi ya majibu hubadilika.

Vigezo vya kulinganishia

Nimechagua vinne: mdundo unakaa mkono gani; upatikanaji wa ala, leo na miaka ijayo; urahisi wa kujifunza kutoka kwa mwalimu, michoro na wenzako; na jinsi ala yenyewe inavyolia baada ya uamuzi wako.

Kigezo cha kwanza kinahitaji maelezo, kwa sababu ndicho kinachopotoshwa zaidi. Utasikia ikisemwa kwamba mashoto ana bahati akipiga kulia, kwa kuwa vidole vya mkono wake stadi ndivyo vitakavyoruka kwenye freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni, na huko ndiko kwenye kazi ngumu. Hoja hii inavutia mpaka uigeuze. Kama kubana nyuzi kungekuwa ndiyo kazi ya mkono stadi, basi watumiao mkono wa kulia, ambao ndio wengi na ndio waliozoeleka kuundiwa ala, wangekuwa wanabana kwa kulia. Hawafanyi hivyo. Wameuweka mkono wao bora kwenye kucharaza, kwa kuwa mkono huo ndio unaoamua noti ianze lini, kwa nguvu kiasi gani, na inyamaze lini. Mkono wa shingoni huchagua sauti. Mkono wa kucharaza huzipa uhai. Vidole hujifunza maumbo ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa kurudiarudia, na baada ya miezi kadhaa huyakumbuka vyenyewe. Mkono usioshika mdundo huchukua muda mrefu zaidi kuufundisha.

Hata hivyo, kuwa mashoto wa kuandika hakukuambii moja kwa moja mdundo wako uko wapi. Mwanamuziki wa roki Kurt Cobain aliandika kwa mkono wa kulia lakini gitaa alilipiga kushoto. Wapiga gitaa Mark Knopfler, Gary Moore na Robert Fripp ni mashoto waliopiga kulia, na hakuna atakayesema mikono yao ya kucharaza ilikuwa na upungufu. Kwa hiyo jipime kabla ya kuamua. Piga makofi bila kufikiri: mkono upi unapiga na upi unapigwa? Gonga meza kwa mkono mmoja, mapigo sawasawa, huku ukizungumza na mtu. Halafu badilisha mkono. Washa muziki unaoupenda ujifanye unapiga gitaa, na mtu akutazame bila kukuambia anatafuta nini.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni kuazima gitaa na kucharaza nyuzi bila kubana chochote, dakika kumi na tano upande huu na dakika kumi na tano upande ule, ukifuata mapigo ya wimbo. Usijihukumu kwa vidole vya shingoni, maana siku hiyo mikono yote miwili ni mijinga kwa kazi hiyo. Sikiliza mcharazo tu.

Njia ya kwanza: kupiga kulia

*Mdundo.* Kwa mashoto ambaye vipimo vile havikuonyesha tofauti kubwa, njia hii haina gharama yoyote. Kwa yule ambaye mkono wake wa kulia unayumba hata kwenye makofi, gharama ipo na hujificha. Kodi zitakuja haraka, atasifiwa, kisha miezi itapita akishangaa kwa nini nyimbo zake zinasikika ngumu, kama mtu anayesoma kwa kutamka silabi moja moja. Mimi nilikuwa huyo. Nilijua kodi nyingi kuliko wenzangu na bado hakuna aliyetaka kuimba nikimpigia.

*Upatikanaji.* Hapa haina mshindani. Gitaa lolote utakalolikuta popote ni lako: la rafiki, la shuleni, la jukwaani, lililotumika na la bei poa. Kwa mtu ambaye hajui kama atalipenda gitaa mwaka ujao, hili ni jambo zito.

*Kujifunza.* Michoro yote ya kodi imechorwa kwa ajili yako. Mwalimu anaweza kukaa kando yako na kukurekebisha kidole kwa kidole.

*Ala.* Hakuna cha kugusa.

Inamfaa mwenye mikono inayokaribiana uwezo, anayetegemea ala za kuazima, au anayetaka baadaye kuhamia ala ambazo hazina upande wa kushoto.

Njia ya pili: gitaa la mashoto

*Mdundo.* Mkono wa kushoto unapata kazi uliyozaliwa nayo. Kwa mashoto wa kweli nafuu huonekana siku ileile. Vidole vya kulia vitalalamika shingoni, lakini vya kushoto navyo vingelalamika vivyo hivyo, kwani kila anayeanza huumia ncha za vidole.

*Upatikanaji.* Ndipo penye mwiba. Viwanda vikubwa hutengeneza magitaa ya mashoto, lakini aina ni chache, na mara nyingi huwezi kulijaribu kabla ya kununua. Unaagiza na kutumaini. Ukitaka kuliuza, wanunuzi ni wachache pia, ingawa mashoto mwenzako atakayelihitaji atafurahi sana. Ukienda ugenini ukakuta gitaa ukutani, utalitazama tu.

*Kujifunza.* Watu huogopa hapa kuliko inavyostahili. Mchoro wa kodi huonyesha gitaa likiwa wima, uzi mnene ukiwa kushoto mwa mchoro. Wewe unauona kama kwenye kioo, na baada ya wiki chache ubongo hugeuza wenyewe. Maandishi ya mistari sita yenye namba za freti hayabadiliki hata kidogo, kwa kuwa uzi wa tatu freti ya pili ni uleule kwa kila mtu. Na kuna faida isiyotajwa sana: ukikaa uso kwa uso na mwalimu anayepiga kulia, unamwona kama unavyojiona kwenye kioo. Mkono wake ukipanda shingoni, wako unapanda upande uleule. Wanafunzi wengine hawapati hilo.

*Ala.* Kila kitu kiko mahali pake: mifereji ya nyuzi, daraja (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa), viunzi vya ndani, vitone vya kuonyesha freti ubavuni mwa shingo, na kwenye gitaa la umeme hata vitufe vya sauti. Fundi hahitajiki.

Inamfaa mashoto ambaye mcharazo wake wa kulia hautii, na anayeweza kuwa na gitaa lake mwenyewe la kudumu.

Njia ya tatu: kugeuza gitaa la kawaida na kupanga nyuzi upya

Kwenye mdundo na kujifunza, yote niliyosema kuhusu njia ya pili yanabaki. Tofauti iko kwenye ala na upatikanaji, kwa hiyo nitakaa huko.

Mpiga gitaa Jimi Hendrix alipiga magitaa ya kawaida ya umeme ya Stratocaster yaliyogeuzwa na kupangwa nyuzi upya, uzi mnene ukirudi juu. Paul McCartney wa Beatles, aliyeanza kwa kuhangaika kupiga kulia, alipata mwanga alipoona picha ya mwimbaji Slim Whitman ameshika gitaa kinyume. Gitaa la besi la Höfner alilonunua Hamburg mwaka 1961 lina umbo linalofanana pande zote mbili, na hilo lilikuwa sehemu ya mvuto wake: ukiligeuza halionekani limepinduliwa.

Lakini kubadilisha nyuzi tu hakutoshi, na hapa ndipo wengi huharibu mambo halafu wakailaumu njia yenyewe. Juu kabisa ya shingo, kabla ya nyuzi kufika kwenye vifunguo vya kukazia, kuna kipande kidogo chenye mifereji sita. Kila mfereji umechongwa kwa unene wa uzi wake. Kwenye seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma, uzi mwembamba una unene wa milimita 0.3 hivi na mnene unazidi milimita 1.3. Ukiuweka mnene kwenye mfereji wa mwembamba, utakaa juu juu na kuwa mgumu kubana. Mwembamba nao ukiingia kwenye mfereji wa mnene utazama, utachezacheza na kulia kama nzi. Kipande hicho lazima kibadilishwe, na kazi hiyo kwa fundi mzoefu wa magitaa si kubwa.

Jambo la pili ni daraja. Kwenye gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, kipande chembamba ambacho nyuzi hulalia pale darajani kimewekwa kwa mshazari, ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo kuliko nyembamba. Ukigeuza nyuzi bila kugeuza mshazari huo, nene zitapanda sauti kila unapozibana na nyembamba zitashuka. Utatyuni asubuhi mpaka jioni bila kupata kodi safi. Isitoshe, viunzi vilivyo chini ya ubao wa mbele havikupangwa sawa pande zote. Gitaa la namna hii hugeuzwa vizuri tu likipata fundi wa kuziba na kuchonga upya mahali pa kile kipande.

Gitaa la nyuzi za nailoni ni habari njema. Mara nyingi kipande cha darajani kimenyooka, na viunzi vya ndani hukaribia kufanana pande zote. Kibadilishe kile cha mifereji, panga nyuzi, na umemaliza. Kwa anayeanza ambaye hapati gitaa la mashoto, hapo ndipo ningemwelekeza kwanza.

La umeme liko katikati. Darajani kila uzi huwa na kipande chake kinachosogezwa kwa bisibisi, hivyo sauti hurekebishika. Shida ni mkono wako kukaa juu ya vitufe, waya kutokea mahali pabaya, na pembe ya chini ya gitaa kuzuia mkono ukitaka kufikia freti za juu.

Inamfaa mashoto mwenye gitaa la kawaida tayari, hasa la nailoni, na mwenye fundi wa kuaminika karibu.

Njia ya nne: kulipindua bila kugusa nyuzi

*Mdundo.* Mkono wa kushoto unacharaza, lakini nyuzi nyembamba ziko juu na nene ziko chini. Mcharazo wa kushuka unaanza na sauti nyembamba, na mazoezi yote ya vidole yanapinduka.

*Upatikanaji.* Sawa na njia ya kwanza, na hii ndiyo siri ya kupendwa kwake. Unapiga kushoto, na bado kila gitaa duniani ni lako.

*Kujifunza.* Ndiyo ngumu kuliko zote. Mchoro hausaidii moja kwa moja, mwalimu hawezi kukuonyesha vidole, na baadhi ya kodi rahisi hugeuka kuwa mafumbo. Utabuni kwa sikio.

*Ala.* Haiguswi, na inatyuniwa vizuri kama kawaida.

Njia hii imezaa sauti ambazo nyingine hazikuzaa. Mwanamuziki Elizabeth Cotten, aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19, alijifunza hivi kwa banjo ya kaka yake kisha kwa gitaa. Kidole gumba kikapiga mwimbo na vidole vingine vikapiga besi, kinyume cha wapigaji wengine wote. Mpiga gitaa wa bluzi Albert King alizivuta nyuzi kuelekea chini pale ambapo wengine huzisukuma juu, na kilio kile cha uzi wake wapigaji wengi wa bluzi walikitafuta bila kukipata. Naipenda sana njia hii, na bado simshauri anayeanza aichague akiwa na njia nyingine. Karibu wote waliofika nayo mbali waliikuta njiani, kwa kupewa gitaa la mtu na kuachwa peke yao nalo.

Inamfaa anayejifunza kwa sikio, asiyetegemea mwalimu, na ambaye tayari vidole vyake vimeanza kuizoea.

Ukiwa na ala nyingine mkononi

Ukulele ina nyuzi nne, daraja lake huwa limenyooka, na unene wa nyuzi hautofautiani sana. Kuigeuza ni kazi ya jioni moja.

Udi nao hauna freti, daraja lake limenyooka na viunzi vyake vya ndani kwa kawaida hupita kimkingamo, kwa hiyo hugeuzwa kwa urahisi kuliko gitaa kavu la chuma. Kipande cha mifereji ndicho cha kuchonga upya, kwa uangalifu, kwa sababu nyuzi zimepangwa mbili mbili. Kupata udi uliotengenezwa kwa ajili ya mashoto ni kazi nyingine kabisa.

Banjo ya nyuzi tano haigeuki vizuri. Uzi wake mfupi una kifunguo chake ubavuni mwa shingo, karibu na freti ya tano, na ukiipindua uzi huo unahamia upande usiotakiwa. Hapo ni banjo ya mashoto au kupiga kulia.

Fidla ndiyo inayonifanya nibadili ushauri. Ndani yake, chini ya uzi mnene, kuna mwamba wa mbao uliogandishwa kwenye ubao wa mbele. Upande wa pili kuna kijiti kilichosimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma. Kuigeuza sawasawa ni kuifungua mwili. Mwigizaji Charlie Chaplin alipiga kushoto, na fidla yake ilibadilishwa hivyo ndani. Mpiga fidla Rudolf Kolisch aliumia kidole cha mkono wa kushoto utotoni, akahamishia upinde mkono huo, na akaongoza kundi lake la fidla na selo kwa miaka mingi. Inawezekana, basi. Lakini kwenye okestra wapigaji hukaa wawili wawili wakishiriki karatasi moja, pinde zikienda upande mmoja, na anayepinga mkondo hukosa nafasi ya mkono. Mtoto mashoto anayeota okestra ningemwanzisha kulia, nikijua wazi kwamba mkono wake wa upinde utahitaji subira zaidi.

Kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, na kinubi hazina swali hili. Kora ina nyuzi 21 zilizogawanywa pande mbili, na kila mkono hupiga zake kwa gumba na kidole cha shahada.

Kulingana na hali yako

Kama vipimo vya mdundo vilikuonyesha mkono wa kushoto waziwazi na unaweza kuwa na gitaa lako, chukua la mashoto, au la nailoni ulilogeuziwa na fundi. Usikubali kuambiwa utajitenga na wenzako; wimbo hauna upande.

Kama mikono yote ilishika mapigo vizuri, piga kulia na ufurahie wingi wa magitaa.

Kama utategemea gitaa la shule au la kikundi kwa muda mrefu, na huna mahali pa kuweka lako, kulia tena ndiko kwenye busara, isipokuwa mcharazo wako wa kulia ukatae kabisa baada ya miezi miwili au mitatu ya juhudi za kweli.

Kama una kidole kilichoumia, kidole hicho ndicho kitangulie kuulizwa, hata kabla ya kujiuliza wewe ni mashoto au la. Mpiga gitaa Tony Iommi wa Black Sabbath, mashoto, alikatika ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani mwaka 1965, mkono aliotumia kubana nyuzi. Aliendelea kupiga kushoto kwa kujitengenezea vifuniko vya vidole, lakini alikuwa tayari mpigaji. Anayeanza leo ana nafasi ya kuuweka mkono mzima shingoni.

Kama wewe ni mzazi au mwalimu, mwachie mtoto gitaa mapajani bila maelekezo kwa siku kadhaa, uone atakavyolipakata. Kisha umuulize.

Na kama umeshapiga kulia kwa mwaka mmoja na mkono bado hautii, hujachelewa. Tenga dakika kumi kila siku za kucharaza kushoto, nyuzi zikiwa wazi, na uendelee na nyimbo zako za kawaida muda uliobaki. Baada ya wiki sita jirekodi pande zote mbili, sikiliza ukiwa umefumba macho, kisha ndipo umwendee fundi au muuzaji.